Nywele za Wajina

Philomena alimkalisha bintiye sakafuni Jumamosi baada ya chai, akambana mabega katikati ya magoti yake, na kufika adhuhuri vidole vilikuwa vimekufa ganzi huku kisogo chote hakijaguswa. Wiki nzima alikuwa amesimama katika kile kiwanda cha jirani na uwanja wa ndege, akipanga vyakula vya abiria kwenye sinia, kuku huku, saladi kule, na siku yake moja ya kupumzisha mgongo ndiyo hii aliyoitoa sadaka kwa ajili ya kichwa cha mtu. Saluni? Yule dada wa saluni ya barabarani alimtajia bei, Philomena akamshukuru kwa adabu, akatoka na pakiti za rasta tu. Kusuka anajua. Tatizo si kujua, tatizo ni mgongo.

"Mama, unavuta!"

Asumpta alisema hivyo kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kusengenyana, ila kukijibu ndiyo kazi. Alifika Malton, huku Kanada, akiwa bado ananyonya kidole. Sasa ana miaka kumi na saba, na miguu yake ilikuwa imevuka zulia lote hadi chini ya meza ya chakula.

"Nisipovuta itafumuka. Tulia."

"Ukikaza sana uso utanivimba, na picha ni Jumatatu."

"Najua picha ni Jumatatu. Humu ndani kuna asiyejua?"

Hakuna asiyejua. Tangu shule zifunguliwe, wimbo wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu: picha ya wanaomaliza. Mpiga picha anakuja shuleni na majoho yake, mtoto anavishwa, anaambiwa ainue kidevu, kisha picha inatundikwa kwenye korido pamoja na za wenzake na haishuki tena. Ile picha ya alipoanza sekondari, Asumpta haitaki hata kuitaja. Wiki ile dawa ya nywele ilikuwa imemuunguza, ikabidi akatwe zote, na darasani wakampa jina ambalo hajawahi kumwambia mama yake. Mama yake analijua. Alilisikia siku moja ndani ya basi, watoto wakiliita kutoka viti vya nyuma, naye akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ndiyo maana safari hii hakubishana. Rasta ndefu za kufika kiunoni, zigawanywe katikati, mbili zitangulie mbele ya mabega. Haya, zitakuwa hivyo hivyo.

"Hawra ana bahati yake," Asumpta alisema. Hawra ndiye rafiki yake wa shule. "Anavaa hijabu, anakaa, anapigwa, kwisha habari."

"Hamia kwa kina Hawra."

Alikuwapo mtu mwingine aliyeingoja picha ile kwa hamu, naye ni Bibi Asumpta wa Rombo, mama yake Urbanus, mumewe Philomena, na mtoto alipewa jina la Bibi huyo. Kila Jumapili walipompigia simu alianza na mwanawe. "Umekula, mwanangu?" angeuliza, kumwuliza mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye kitambi. "Nimekula, mama," Urbanus angejibu, hata siku ambazo hakuwa ametia kitu mdomoni. Asumpta alikuwa akimwigiza Bibi, sauti ile ile ya kukwaruza, na hiyo ndiyo sentensi pekee ya Kiswahili aliyoitamka bila kulazimishwa. Kisha Bibi angeuliza kuhusu picha. "Mimi msumari nimeshapigilia. Kila nikiamka naona msumari mtupu. Nileteeni mtoto wangu na joho lake."

Mwezi uliopita Bibi alifariki. Tangu hapo Asumpta hajamwigiza tena.

"Hodi huko chini!"

Ilikuwa sauti ya mwenye nyumba, Mama Zebunissa, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kitamu hata anapokugombeza. Yeye anakaa juu, wao wamepanga chini, na ngazi zile huzishuka pale tu anapokuwa na neno. Aliishika reli kwa mikono miwili, akasimama kwenye ngazi ya mwisho bila kuimaliza.

"Mama Asumpta, mwanangu, mimi sipendi maneno. Lakini bomba langu limeziba tena. Fundi juzi katoa nywele, utadhani katoa paka mzima."

"Samahani, mama. Sisi tunazikusanya kwenye mfuko, hatuoshei kule."

"Basi ni zangu mimi? Mimi nina nywele hizi tatu unazoziona." Alifunua mtandio kidogo, akazionyesha. "Leo kuna harusi?"

"Ni picha ya shule."

"Mashallah. Lakini si kwenye bomba langu."

"Ndiyo, mama. Hatutarudia."

Mama Zebunissa alipopanda, Asumpta aligeuka na kichwa kilichosukwa nusu. Aliuliza kwa nini mama yake ameomba msamaha wa kosa ambalo si lao.

"Bomba ni lake, nyumba ni yake," Philomena akasema. "Geuka huko, nimalize."

Alimaliza giza limeshaingia. Akachemsha maji, akazichovya ncha za rasta ndani ya jagi, akazikausha kwa taulo taratibu ili mtoto asiungue mgongo. Asumpta alikwenda kwenye kioo cha bafuni na hakurudi upesi. Philomena alijinyoosha pale pale sakafuni, juu ya vipande vya nywele, akamsikia akicheka peke yake.

*

Jumapili walitoka misani, wakala, na Urbanus akajilaza kwenye kochi na kofia yake usoni. Alikuwa mtu wa upara tangu ujana. Watu wa jumuiya pale kanisani humtania kwamba Mungu alimnyoa mapema ili asimsumbue kinyozi. Kilichobaki ni ukanda mwembamba juu ya masikio, na masharubu. Lo, hayo masharubu! Mazito, meusi, yamechongwa ncha, na kila asubuhi akirudi kutoka ghalani anakoendesha mashine ya kuinulia mizigo huyachana kabla hajavua viatu. Bibi alikuwa akiyaita masharubu ya polisi.

Simu ililia. Alikuwa dada yake mkubwa, Shangazi Veneranda, kwa video kutoka Rombo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kanisani mmekwenda?"

"Tumekwenda."

"Vizuri. Sikiliza, kesho tunaanua matanga. Misa itakuwa mchana, halafu tunanyoa. Watoto wa mama wote, na wajukuu wenye jina lake. Wote wameitika, hata yule wa Dodoma yuko njiani. Sasa wajina wa kwanza ni huyo wa kwako. Mnyoeni huko huko, mtupigie, tumwone kwa macho kabla jua halijazama. Kichwa kitupu, Urbanus, si kupunguza punguza."

"Sawa, dada."

Sawa, dada! Kama mtu aliyeagizwa chumvi. Philomena alikuwa jikoni akiosha sufuria, na maneno yote aliyasikia. Alisubiri simu ikatike, akaja na mikono inayochuruzika maji.

"Baba Asu, umesema sawa?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Jana nimekaa na kichwa kile tangu asubuhi mpaka usiku. Kesho mtoto anapigwa picha."

"Ni nywele, Mama Asu. Zitaota."

"Zitaota kabla ya kesho mchana?"

"Waambie shule wamsogezee siku."

"Siku yenyewe ya kusogezewa ndiyo hiyo kesho! Ya kwanza ilipita tukiwa kwenye msiba, umesahau? Mpiga picha akiondoka kesho harudi."

"Na mimi mama yangu atakufa tena siku nyingine?"

Philomena alijifuta mikono kwenye khanga, akakaa ukingoni mwa kochi, karibu na miguu ya mumewe.

"Mama mwenyewe aliingoja hiyo picha," alisema. "Msumari alipigilia kwa mkono wake."

"Sasa ataionea wapi?" Urbanus akaketi, kofia ikaanguka. "Philo, mimi sikumzika. Wamenipa ruhusa siku tatu, siku tatu zinatosha kufika na kurudi? Nauli yenyewe uliiona. Huku usiku, kule wanamzika, mimi nilikuwa kazini, nimejifungia chooni na simu, chaji inakatika, na mtu anagonga mlango ananiuliza kama nimehara. Sikutupa hata udongo. Wenzangu kesho wanatoa nywele zao, mimi nitatoa nini? Nina huyu mtoto tu. Ndiye jina lake."

Hapo hasira zikamtoka Philomena, na zilipotoka hakubaki na nguvu ya kugombana. Alimhurumia. Miaka yote aliyoishi na mtu huyu hakumwona akilia, na hata msibani, waumini walipojaa mle ndani na sahani zao za pilau, Urbanus ndiye aliyekuwa akiwatafutia viti. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Chakula anachofungiwa kwenda kazini kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda. Kila asubuhi Philomena analiinua lile bakuli la mfuniko, analiona zito, analitia kwenye friji.

"Kuna mtu ameniuliza mimi?"

Asumpta alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Kuta za mle ndani ni za mbao nyepesi, hakuna siri. Alisema kwa Kiingereza, kwa haraka, kwamba wanakizungumzia kichwa chake kama mzigo wa kutumwa kwa ndege, kwamba Bibi naye alikuwa Bibi yake, kwamba hawezi kupigwa tena picha ya kuchekwa, hawezi, heri asiende kabisa.

"Njoo hapa tuzungumze, mama," Urbanus alisema kwa upole. Ndivyo alivyomwita tangu siku aliyozaliwa, kwa ajili ya jina.

"Usiniite hivyo. Mimi si mama yako. Mama yako amekufa."

Mlango ulifungwa. Urbanus aliiokota kofia, akaivaa, akaivuta mpaka machoni. Ilipofika saa ya zamu alijiandaa kimya, na Philomena akamfungia machalari ya ndizi na nyama, akakaza mfuniko na kumwekea kijiko.

"Ule," alimwambia mlangoni.

"Nitakula."

*

Kuipata ile asubuhi ya Jumatatu, Philomena alikuwa ameomba ruhusa kama mtu anayeomba figo. "Picha unapigwa wewe au mtoto?" msimamizi wake alimwuliza mbele ya wenzake, na wenzake wakacheka, naye Philomena akacheka nao kidogo ili yaishe. Masaa ya asubuhi yalikatwa kwenye mshahara. Basi asubuhi hiyo iliyokatwa ndiyo aliyoamka nayo, akapiga pasi shati jeupe kwa mara ya tatu, akalitundika kwenye kitasa cha mlango wa Asumpta bila kugonga.

Urbanus alirudi kuchelewa, alikuwa amebakizwa kwa kazi ya ziada. Aliweka bakuli mezani. Philomena aliliinua. Zito. Pembeni ya bakuli akaweka kiboksi kipya kilichotoka dukani, na Philomena hakuhitaji kukifungua ajue ni mashine ya kunyolea.

"Umeinunua."

"Nimeinunua."

"Utamshika kwa nguvu?"

"Sitamshika kwa nguvu. Nitamwomba."

"Na akikataa?"

Urbanus alivua koti, akalitundika, likaanguka, akaliacha chini.

Mlango ukafunguliwa, Asumpta akatoka. Alikuwa amevaa shati lake, kola imesimama, na rasta zote ziko nyuma isipokuwa mbili za mbele, moja kila bega. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa mzuri. Jamani, alikuwa mzuri! Philomena alisahau mgongo. Hata Urbanus alimtazama mwanawe muda, midomo ikataka kusema, na ndipo simu ikalia mfukoni mwake.

Alipoipokea, kioo kilijaa vichwa. Ua mzima wa Rombo ulikuwa umenyolewa, wanawake kwa wanaume, wakubwa kwa wadogo, wanang'aa kwa mafuta na jua la jioni. Nyuma yao ilionekana nyumba ya Bibi, mlango wazi, na kile kiti chake cha plastiki barazani, hakuna aliyekikalia. Asumpta alikiona. Kila Jumapili ya maisha yake mtu alikuwa akikaa pale. Alikitazama kile kiti, akaziba mdomo kwa mkono.

"Wajina yuko wapi?" Shangazi Veneranda aliuliza. Naye kichwa kilikuwa kitupu, na bila nywele alionekana mdogo, kama aliyefiwa kweli. "Mbona bado ana minywele yote hiyo? Urbanus! Jua hilo linaondoka."

"Dada, leo mtoto ana picha ya shule," Philomena alisema. "Ile aliyokuwa akiisubiri mama."

"Mama hasubiri tena picha, mwanangu. Anasubiri watoto wake wamuage."

Philomena alikivua kilemba chake. Nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi, zimekatikia mbele kwa ajili ya zile kofia za wavu za kiwandani.

"Basi nyoeni hizi."

"Wewe ni mke wetu, na tunakupenda," Veneranda alisema, na alisema kwa upendo, ndiyo maana iliuma zaidi. "Lakini nywele zako ni za kwenu."

Miaka ishirini ya ndoa, na bado nywele ni za kwao. Philomena alikifunga tena kilemba. Urbanus alikuwa amekishika kiboksi cha mashine, anakigeuza, hakifungui. "Nakuomba," alimwambia mwanawe, hakuthubutu kusema mama. "Nakuomba tu."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Asumpta hadi kwenye kola. Aliwatazama binamu zake kwenye simu, akamtazama baba yake. Akauliza kwa Kiingereza, na safari hii si kwa ukali, alikuwa anauliza kweli:

"Na Baba je?"

Binamu wa Dodoma alikielewa Kiingereza hicho, akawatafsiria, na ua wote ukaangua kicheko. Hata msibani watu hucheka. "Urbanus anyoe nini? Upara?" mtu alipaza sauti. "Huyo alishatoa zake kabla ya wakati!"

Asumpta hakucheka. Alinyoosha kidole. "Zile za juu ya masikio," alisema. "Na masharubu."

Mkono wa Urbanus ulikwenda wenyewe mdomoni.

"Masharubu yanahusu nini?"

"Na nywele zake zinahusu nini?" Philomena akauliza.

"Matanga ni kichwa. Mimi kichwa changu kinajulikana. Haya masharubu nimekuwa nayo tangu sijakuoa, Mama Asu. Mimi niende ghalani na mdomo mtupu, wale vijana watanichek—"

Alinyamaza. Hakuna aliyemkatiza, alijinyamazisha mwenyewe. Philomena alitaka kumwambia malizia, watakucheka, sema. Alipomwona uso hakuweza. Urbanus aliketi kwenye kiti cha jikoni, mkono bado uko mdomoni.

"Dada," alisema mwishowe. "Kumbe nilikuwa na kitu."

Veneranda alipangusa macho kwa upande wa khanga. "Kama una kitu, kitoe. Mtoto wa kuzaa anatangulia mjukuu, hilo hata mimi nalijua. Tulidhani wewe huna. Baba akinyoa, nyumba imenyoa." Kisha akakumbuka cheo chake. "Lakini wajina asikae tu kutazama!"

"Hakai," Philomena alisema. "Wajina ndiye anashika wembe."

"Hiyo mimi sijawahi kuisikia."

"Hata sisi hatujawahi kunyolea matanga Malton, dada."

Veneranda aligeuka, akanong'ona na wenzake, akatazama juu kwenye mlima ambako jua lilikuwa linaelekea. "Haya, fanyeni. Giza linaingia."

*

Hawakwenda bafuni, kwa sababu ya bomba la Mama Zebunissa. Philomena alitandaza mfuko wa plastiki jikoni, akakiweka kiti katikati, akaisimamisha simu kwenye kopo la sukari. Akamfunga Asumpta khanga shingoni kulilinda shati jeupe, na zile rasta mbili za mbele akazirudisha nyuma kwa mkono wake mwenyewe.

"Sijui kunyoa," Asumpta alinong'ona.

"Anza na za masikio. Usikandamize."

Mashine ililia. Nywele zilidondoka kwenye mabega ya Urbanus, nyepesi, zenye mvi, chache mno hata mtu angeona haya kuziita sadaka. Alikuwa amefumba macho. Ilipofika zamu ya masharubu, Asumpta alisimamisha mashine na kumtazama mama yake, na Philomena akaitikia kwa kichwa. Yalianguka kwa mafungu. Chini kwenye mizizi yalikuwa meupe kabisa.

"Kumbe ulikuwa unayapaka rangi!" Veneranda alipiga ukelele kutoka kwenye kopo la sukari, na ua ukacheka tena. "Urbanus wewe! Polisi gani wa rangi!"

Urbanus mwenyewe alitabasamu macho yamefumbwa. Asumpta alimpaka povu, akachukua wembe, akamshika kidevu kwa vidole viwili kama alivyokuwa akiona baba yake anavyofanya kwenye kioo. Hapo kicheko kiliisha. Alinyoa polepole sana, ulimi nje, akisimama kila mara kuusuuza wembe kwenye bakuli la maji. Kule Rombo mtu mzima alianzisha sala ya marehemu, wakaiitikia, na sauti zao zikawa zinakatika na kurudi kwa sababu ya mtandao. Basi lilipita barabarani, lile ambalo Asumpta alitakiwa kulipanda. Hakuna aliyeligeukia, litakuja lingine.

Alipomaliza, Philomena alimpa taulo la uvuguvugu. Asumpta akampangusa baba yake shavu hili, shavu lile, akapangusa mdomo, akaondoa taulo. Philomena aliyekuwa amesimama nyuma alisogea aone, akashtuka. Miaka yote ile hakuwahi kuuona mdomo wa mumewe. Ulikuwa mpana, wa juu umekunjamana kidogo upande wa kushoto. Ulikuwa mdomo wa Bibi Asumpta, ule ule uliokuwa ukizungumza nao kila Jumapili.

Asumpta naye aliuona. Alibaki ameinama na taulo mkononi, rasta zimemponyoka zimeanguka mbele ya mabega, zikamgusa baba yake magotini. Kwenye simu walikuwa wamemaliza sala na wanangoja kuonyeshwa. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya kukwaruza, lakini safari hii hakuwa anamwigiza mtu:

"Umekula, mwanangu?"

Urbanus alifumbua macho. Mdomo ule mtupu ulianza kutetemeka, akaubana, ukamshinda. Mezani lile bakuli lilikuwa bado limefungwa, na kijiko chake juu.

"Sijala," alisema, na ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya ua mzima wa kwao. "Sijala, mama."